Achari imekataa? Soma hapa kabla hujaimwaga, na kabla hujaila

Msimu wa embe ukifika huku pwani, kuanzia Novemba mpaka Februari hivi, simu yangu haipumziki. Mdogo wangu kanitumia picha ya chupa ina weupe juu, shemeji anauliza mbona vitunguu saumu vyake vimekuwa vya buluu, jirani kaja na kibakuli mkononi anataka nionje nimwambie kama imechacha. Mie nimezaliwa Tanga, embe za achari nimeanza kukata na bibi yangu toka sijafika darasa la tano, na nilichokuja kugundua ni kwamba watu wengi wanajua kutengeneza ila ikiharibika hawajui waanzie wapi kuangalia. Wengine wanamwaga achari nzima ambayo haina tatizo lolote, yani inauma kweli ukifikiria kazi ya kukata na kuanika, na wengine, hawa ndo wananitisha, wanakwangua ukungu juu afu wanaendelea kula na pilau lao.

Nazungumzia achari ya kulia wali na pilau, ya embe, ndimu, pilipili, birimbi, karoti na matango. Ndugu zangu wa Mombasa, zile embe kavu za kupakwa rangi nyekundu wanazouziwa watoto mlango wa shule nazo mnaziita achari, najua, lakini hizo ni habari nyingine.

Sasa kabla hujaniuliza imeharibika nini, jiulize kwanza achari yako inalindwa na nini. Hili ndo la msingi na ndo watu wanaliruka. Kuna achari ya mafuta, hii inalindwa na chumvi nyingi, ukali wa embe lenyewe, ukavu baada ya kuanikwa, na mafuta yanayofunika juu hewa isiguse. Kuna achari ya siki, hii mlinzi wake ni siki, basi. Kuna ya chumvi na ndimu, inakaa juani wiki kadhaa inajipika yenyewe. Na kuna ile ya maji ya chumvi ambayo unaiacha ichachuke, matango au karoti au kabichi, hii inalindwa na chumvi mwanzoni afu baadae na ukali ambao bakteria wazuri wanautengeneza wenyewe. Kitu kile kile kinaweza kuwa kawaida kabisa kwenye aina moja na kikawa hatari kwenye nyingine. Mfano povu. Kwenye matango ya maji ya chumvi siku ya tatu povu ni dalili nzuri, ila kwenye achari ya embe ya mafuta ya miezi miwili povu ni habari mbaya. Kwaiyo ukiniuliza "ina povu, nifanyeje" bila kuniambia ni ya aina gani sina jibu la kukupa.

Ukungu

Tuanze na huu maana ndo unaongoza. Ukiona manyoya, yawe meupe, ya kijani, ya kijivu au meusi, achari hiyo unatupa. Yote. Najua mama zetu wengine walikuwa wanakwangua juu, na mie nilikuwa nafanya hivo hivo mpaka nilipoelewa kinachotokea. Ukungu una mizizi myembamba inayoshuka chini usiyoiona kwa macho, na kibaya zaidi ukungu unakula ule ukali wenyewe, yani asidi inayoilinda achari inapungua taratibu, na asidi ikipungua vijidudu vingine vibaya zaidi vinapata nafasi ya kuota humo chini. Kwaiyo ukikwangua umeondoa kinachoonekana tu.

Ila si kila cheupe ni ukungu. Kwenye achari ya maji ya chumvi, hasa joto la huku kwetu, inakuja utando mweupe juu, bapa, umekunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemshwa yakapoa, hauna manyoya na hauna rangi nyingine. Huo ni aina ya hamira ya porini, hauui mtu. Unauchota na kijiko kisafi, unafuta kuta za chupa kwa ndani juu ya maji, unahakikisha matango yote yamezama, unaweka friji. Ukiuacha tu unaharibu ladha na harufu. Namna ya kutofautisha: angalia kwa mwanga kutoka pembeni. Kama kuna kitu kimesimama kama pamba au kama vumbi la rangi, tupa. Kama ni ngozi laini bapa na harufu bado ni ya uchachu safi, chota uendelee. Ukiwa na mashaka tupa, kilo ya embe haizidi tumbo la mtoto.

Unatoka wapi huu ukungu? Mara nyingi ni maji. Sio maji mengi, matone tu. Nina kisa changu. Mwaka aliooa kaka yangu mie ndo nilipewa kazi ya achari ya shughuli, embe kama kilo 12, na mvua zilikuwa zimeanza. Nilianika siku moja tu badala ya mbili kwa kuwa mawingu yalitanda, nikajiambia si mbaya, mafuta yatafunika, na chupa mbili kati ya zile nilizioshea asubuhi ile ile nikazifuta na taulo. Siku ya 9 chupa zile mbili zina manyoya ya kijani mduara mzima, nyingine ziko salama. Embe zile zile, bizari zile zile, mafuta yale yale. Tofauti ni unyevu wa kwenye chupa tu. Toka siku hiyo chupa naziosha jana yake, nazichemsha kwenye maji dakika 10, nazigeuza mdomo chini zichuruzike afu nazigeuza juu juani mpaka zipate moto zenyewe. Taulo sitii ndani kabisa.

Sababu ya pili ya ukungu ni vipande vilivyochomoza juu ya mafuta au siki. Mafuta yanatakiwa yapite juu ya embe kama upana wa kidole, na embe zinaendelea kunywa mafuta siku za mwanzo, kwaiyo unajaza leo vizuri afu baada ya siku 3 unakuta vichwa vimetoka nje. Chemsha mafuta mengine, yapoe kabisa kabisa, uongezee. Usimimine ya moto kwenye chupa ya kioo, itapasuka, na usimimine ambayo hayajapita motoni.

Ya tatu ni kijiko. Mtu anachota achari na kijiko kilichotoka kwenye wali, au anatia vidole. Pale nyumbani kwangu achari ya kula wiki hii inahamishiwa kwenye kikopo kidogo mezani na chupa kubwa inarudi stoo, hakuna anayeigusa. Ugomvi umeisha.

Na pilipili jamani! Ukitia pilipili mbuzi nzima nzima au zile ndefu bila kuzitoboa, ndani zina hewa, zinaelea, na siki haiingii. Nje inaonekana imekolea, ndani iko mbichi vile vile, mwisho inaota ukungu au inaoza kwa ndani. Toboa kila moja na ncha ya kisu au ichane ubavuni, zishushe na siki kidogo kidogo huku unagonga chupa taratibu mapovu yatoke. Vaa glavu au jipake mafuta mikono, na usiguse macho hata ukiwa umeshanawa mara mbili.

Hakuna jua, nifanyeje

Wa Masika, Machi mpaka Mei, wananiuliza hili sana. Embe ukishazikata tia chumvi na manjano, acha usiku mzima kwenye bakuli la kioo au plastiki nzuri. Asubuhi utakuta zimetoa maji mengi, zichuje kwenye chujio kubwa hata kwa muda wa masaa 3 au 4, usizikamue kwa nguvu, afu zitandaze kwenye kitambaa safi cha pamba chini ya feni siku nzima, ukigeuza geuza. Mwenye oveni aiweke moto wa chini kabisa mlango wazi kidogo. Unachotafuta ni kipande ukikishika kinakuwa kama ngozi kwa nje, kingo zimejikunja, na ukikibonyeza hakikuachii maji kwenye kidole. Muda sio kipimo, kidole ndo kipimo. Jua likiwepo siku 1 au 2 kwenye ungo, umefunikwa na kitambaa chepesi au kipande cha chandarua kwa ajili ya nzi, na jioni unaingiza ndani maana umande unarudisha maji yote uliyoyatoa mchana.

Yale maji ya chumvi yaliyochujika msiyamwage, ni makali na yana chumvi tayari, mie natia kwenye mchuzi wa samaki badala ya ndimu.

Birimbi yenyewe ni maji matupu kwaiyo inataka siku 2 mpaka 3 za jua kali, ichane katikati kwa urefu, tia chumvi, ianike mpaka inyauke iwe kama zabibu kubwa. Ukiikimbiza hii hakuna mafuta yatakayoiokoa. Na mwenye maradhi ya figo asiifakamie birimbi, ina asidi aina ya okzaliki nyingi na juisi yake imeshawahi kuwaumiza watu figo.

Imekuwa laini kama uji

Embe kwanza. Embe la achari ni bichi hasa, gumu, ukikata kisu kinatoa sauti, ndani nyeupe. Likishaanza unjano hata kidogo karibu na kokwa, achari yake itakuwa laini, hakuna ujanja. Mie napenda yale ambayo kokwa limeanza kukaza, unakata na panga dogo pamoja na kokwa, kile kipande cha kokwa kinashikilia nyama isisambaratike na watu wanapenda kukinyonya. Embe ng'ong'o nayo inafanya vizuri kwa ajili ya zile nyuzi zake.

Sababu nyingine ni kupika sana. Kuna watu wanachemsha embe ndani ya bizari mpaka zinaiva, hiyo sasa inakuwa chatne (tamu pia, ila usinung'unike imelainika). Bizari zikaange kwenye mafuta, epua, ziache zipoe mpaka vuguvugu, ndo utie embe.

Matango yana siri yake ambayo ilinichukua miaka kuijua. Upande wa tango uliokuwa na ua, sio ule wa kikonyo, una vimeng'enya vinavyolainisha tango zima. Kata kipande chembamba upande huo utupe. Kama hujui upande upi ni upi kata pande zote mbili. Afu chumvi isiwe kidogo, lita 1 ya maji tia gramu 50, hiyo ni kama vijiko 3 vya chakula vya chumvi laini vilivyolingana sawa juu. Watu wanaiga vipimo vya nchi za baridi, huko wanaambiwa acha wiki 2 au 3 jikoni kwenye nyuzi 18 mpaka 22, sie jiko letu la Tanga mchana linafika 30, ukiacha wiki 3 unakuta supu. Kwa joto hili siku 3 mpaka 5 zinatosha, onja kila siku, ukipenda ukali wake ingiza friji. Majani ya chai makavu, kijiko kimoja cha chai ndani ya chupa ya lita, yanasaidia tango libaki na mkwaruzo kwa ajili ya ile tanini yake, maji yanakuwa na rangi ya kahawia kidogo tu.

Ndimu ikilainika usiniulize, ndimu inatakiwa ilainike.

Chungu

Hapa wa kwanza kushikwa ni uwatu. Uwatu ukiungua kidogo tu achari nzima chungu, na unaungua haraka kuliko haradali, kwaiyo usizitie pamoja kwenye mafuta. Uwatu ukaange mkavu moto mdogo, ukibadilika rangi ukawa kama karanga iliyokaangwa epua, usingoje uwe mwekundu. Na kiasi, kwa kilo ya embe kijiko kimoja cha chakula kinatosha kabisa. Haradali nayo ukiisaga laini sana ina ukali wenye uchungu siku za mwanzo, hiyo inapoa yenyewe baada ya wiki 2 hivi, vumilia usianze kuongeza sukari siku ya pili. Manjano ukizidisha pia kuna uchungu fulani wa udongo. Kitunguu saumu kilichoungua ndo usiseme.

Ndimu ina uchungu wake mwenyewe kwenye ganda na kokwa. Chagua zenye ganda jembamba, laini, zimeanza njano, toa kokwa zote hata kama inachosha, tia chumvi gramu 150 mpaka 200 kwa kilo, na uziache juani na ndani ya chupa wiki 3 au 4 huku unatikisa kila siku. Ukionja wiki ya kwanza utasema imeharibika. Haijaharibika, haijaiva. Mwenye haraka azichemshe ndimu nzima dakika chache kwanza, amwage maji hayo, azikaushe, ndo akate. Zinakuwa tayari mapema ila mie naona zinapoteza harufu yake.

Ikishakuwa chungu tayari kwa ajili ya uwatu ulioungua, unaweza kuipunguza na sukari guru iliyoyeyushwa na siki kidogo, na chumvi kidogo maana chumvi inaficha uchungu. Kuiondoa kabisa, hapana.

Chumvi imezidi, au haitoshi

Iliyozidi inarekebishika. Usiioshe na maji tafadhali, ukiiosha umeondoa ulinzi wote. Chukua embe nyingine au karoti, anika bila chumvi mpaka zikauke vile nilivosema, ongeza ndani ya achari pamoja na juisi ya ndimu, acha siku 4 au 5 chumvi ijigawe yenyewe. Baada ya hapo iweke friji maana hujui tena chumvi imebaki kiasi gani.

Haitoshi ndo shida, na ndo wengi wanakosea siku hizi kwa ajili ya presha, wanapunguza chumvi nusu afu wanategemea achari ikae stoo miezi 6. Haikai. Embe kilo 1 za achari ya mafuta zinataka chumvi gramu 100 mpaka 150, sawa na vijiko 6 mpaka 8 vya chakula. Ukitaka chumvi kidogo, na mwenye presha ana haki kabisa ya kutaka hivo, tengeneza kidogo, ya siki, iweke friji, uimalize ndani ya wiki 2 au 3. Hiyo ni achari ya friji, usiifananishe na ya bibi.

Vitunguu saumu vimegeuka rangi

Hili linawatisha watu bure. Unatia saumu nyeupe kwenye siki au ndimu, kesho yake ni za buluu au kijani kama zimepakwa rangi. Ni salfa iliyomo kwenye saumu inakutana na asidi, inatengeneza rangi. Haina madhara yoyote, kula. Wachina wa kaskazini wao wanaitafuta rangi hiyo makusudi, wana saumu ya siki inayoitwa Laba, ikiwa kijani kama kito ndo imekubali. Hakikisha tu kwamba rangi iko ndani ya punje yenyewe na punje ni ngumu, laini juu, haina manyoya. Inatokea zaidi saumu ikiwa changa au imekaa sana kwenye baridi. Usipoipenda rangi hiyo chemsha saumu dakika kadhaa kabla ya kutia.

Lakini saumu ina jambo jingine ambalo sitaki mtu alipite haraka. Saumu mbichi ndani ya mafuta matupu, bila siki wala ndimu wala embe kali, ikaachwa nje ya friji, inaweza kuota kijidudu kinachotoa sumu ya botulinamu. Kijidudu hiki kinapenda pasipo na hewa, na chini ya mafuta ndo hakuna hewa. Hakina harufu, hakina ladha, mafuta yanabaki mazuri kabisa kwa macho. Kinachokizuia ni ukali wa asidi, yani pH (kipimo cha asidi, namba ikishuka ukali unapanda) iwe chini ya 4.6. Kwenye achari ya embe bichi kali na chumvi yake, embe linafanya kazi hiyo. Ila zile achari za saumu peke yake na mafuta, au pilipili mbichi zilizosagwa na mafuta basi, hizo ndo naziogopa. Loweka saumu kwenye siki usiku mzima kwanza, siki iwe imeifunika, ndo utengeneze, na bado iweke friji. Ukiwa umetengeneza bila siki, friji na siku 4, kilichobaki mwaga. Mtu akila kitu cha hivo afu akaanza kuona vitu viwili viwili, kope zinashuka, ulimi mzito, mwili unalegea, ni hospitali saa hiyo hiyo na waambie alikula nini.

Siki inakataa kazi

Siki sio zote sawa. Soma lebo, tafuta iliyoandikwa asidi asilimia 5. Ikiwa asilimia 4 usiichanganye na maji kabisa. Ya 5 unaweza kuchanganya nusu kwa nusu na maji, usipite hapo. Siki ya mnazi ya nyumbani, ile inayotokana na tembo (pombe ya mnazi) lililochacha, naipenda mno kwenye kachumbari na mishikaki, ila kwa achari ya kukaa siitumii kwa sababu leo ni kali kesho ni dhaifu na hakuna anayejua ina asilimia ngapi. Na ile asidi kali ya dukani inayouzwa ili ukachanganye mwenyewe na maji, iache huko huko, inaunguza ngozi na macho.

Siki ikitiwa ukungu ukungu (namaanisha imekuwa kama maji ya mchele) na achari ni ya siki na ulichemsha vizuri, kuwa na mashaka, kuna kitu kinaota. Isipokuwa kama umetumia chumvi ya mezani ile isiyogandana, ina unga wa kuzuia kuganda na huo unaifanya siki iwe kama maji ya mchele toka siku ya kwanza, haihusiani na kuharibika. Ya maji ya chumvi kuwa kama maji ya mchele baada ya siku 2 au 3 ni kawaida, ndo bakteria wanafanya kazi. Na chumvi yenye madini joto inafanya kazi vizuri tu kwenye achari, msihangaike kutafuta nyingine.

Ladha ya chuma mdomoni, au achari imekuwa nyeusi nyeusi: umetumia sufuria ya aluminiamu, au mfuniko wa bati umeshika kutu. Asidi na chumvi vinakula bati. Achari chemshia kwenye sufuria ya stilini, hifadhi kwenye kioo, mfuniko wa plastiki, na kama huna weka karatasi ya nailoni ngumu kati ya mdomo na mfuniko. Kutu ikishadondokea ndani tupa. Makopo ya plastiki yaliyokuwa ya mafuta ya kupikia sio ya achari, yana harufu haitoki hata ufanyeje. Ila embe za juu kuwa za kahawia na za chini bado njano, hiyo ni hewa tu, geuza chupa ule.

Povu, gesi, mfuniko umevimba

Ya maji ya chumvi, wiki ya kwanza, fungua mfuniko kidogo kila siku gesi itoke. Kawaida. Ya mafuta au ya siki ikianza kutoa mapovu madogo yanapanda pembeni ya kioo, ikanukia pombe au hamira, hiyo inachachuka na haikutakiwa. Ikiwa ni siku 2 au 3 tu toka utengeneze, na hakuna ukungu, na ulijua kabisa chumvi ulipunguza, unaweza kuongeza chumvi na juisi ya ndimu, ukahamishia friji ukaila haraka. Ikiwa ni ya muda mrefu, au mfuniko umevimba, au ukifungua inarusha, usionje hata kidogo kwa ulimi. Mwaga kwenye mfuko, funga, tupa mbali na kuku na mbwa.

Harufu ya mafuta yaliyochacha ni tofauti na hiyo, ni kama rangi ya mafuta ya kupaka mlango, au kama karanga za zamani. Inatokana na mafuta yaliyokwisha kukaangia, au mapya yaliyokaa sana, au chupa kuachwa juani miezi na miezi. Juani inakaa siku za kuiva tu, ikishaiva peleka gizani, sehemu yenye ubaridi. Mafuta ya alizeti safi yapashe mpaka yaanze kutoa moshi mwepesi, zima, yapoe, ndo utumie. Yaliyochacha hayatengenezeki, na kuyamwaga ukatia mapya juu haisaidii, embe zimeshayanywa.

Kwa wanaouza

Nunueni karatasi za kupima pH, ni kitu kidogo. Saga vijiko viwili vya achari, chovya, ikiwa 4 au chini yake lala usingizi, ikikaribia 4.6 ongeza ndimu au siki upime tena baada ya siku. Ya mafuta chota kile kipande, futa mafuta, ndo usage maana mafuta yanadanganya karatasi. Andikeni tarehe kwenye kila chupa na mbakize chupa moja ya kila mkupuo nyumbani, mteja akilalamika unafungua ya kwako ya siku ile ile unajua kosa ni lako au aliiweka dirishani kwake. Kwa Tanzania mambo ya usalama wa chakula yako TBS (Shirika la Viwango) toka 2019, na SIDO (shirika la viwanda vidogo) wanafundisha usindikaji, nendeni mkaulize.

Chupa iliyowahi kuota ukungu usiitupe, ioshe na sabuni na maji ya moto, ichemshe dakika 10 imezama yote, iweke juani siku nzima. Mfuniko wake ndo utupe, hasa ukiwa na ule mpira au karatasi kwa ndani, ukungu unajificha humo na utakuja kukuta manyoya yale yale mwezi ujao ukasingizia embe.